Maua ya Jozi kwa Ukurasa wa Ijumaa

Jumatano, 9 Septemba

Mimi na bahati tulizaliwa mapacha, ila mimi ndiye niliyetangulia kutoka. Leo asubuhi Stamen, mhariri wetu, alitia njiti za kiberiti ndani ya kofia yake, moja imekatwa kichwa, akasema atakayeivuta hiyo ndiye atakayerithi ukurasa wa vitabu wa kila Ijumaa, maana tangu Bi Evdokia Belcheva afariki mwezi wa Aprili ukurasa umebaki yatima. Wenzangu walivuta kwa mikono inayotetemeka. Mimi nilivuta huku natazama dirishani, kama mtu anayechukua sukari ya kahawa, na njiti isiyo na kichwa ikaning'ang'ania vidoleni. Haijatokea kura ikanikataa mimi, Minko Drandarov. Nimeendesha lori kutoka hapa Slivek mpaka Lisbon, nimepita mipaka ambayo walinzi wake hawawachekei hata mama zao, na wote niliwaacha wameshika mbavu. Shule niliacha darasa la nane kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza wanayoyajua. Miaka sasa naandika habari za mpira kwenye gazeti letu, *Sauti ya Bonde*. Vitabu ndivyo vitanishinda?

Stamen ana sharti. "Minko, huu ukurasa haujawahi kuniletea simu hata moja," alisema. "Muuza matairi anautaka kwa matangazo yake. Nakupa mpaka sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwezi wa Desemba. Ikifika siku hiyo na Slivek haijanionyesha kwamba inausoma, matairi yanaingia."

"Bosi, kufikia Nikola watakuwa wananyang'anyana magazeti barazani."

Akanitazama kama mtu anavyotazama wingu na nguo zake ziko kambani.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimesoma riwaya nzima! Ni ya jengo moja ambalo lifti yake imekufa, hivyo watu wa ghorofa nane, waliokuwa hawajuani hata majina, wanalazimika kukutana ngazini. Nilikuwa uani kwa dada yangu Dafina, mwenye duka la mikate, namsaidia kuchoma pilipili nyekundu za akiba ya baridi. Mkono mmoja kwenye pilipili, mmoja kwenye kitabu.

"We Minko! Pilipili zangu zimekuwa makaa!"

"Subiri, dada. Mjane wa ghorofa ya saba ameanza kushuka."

"Ashuke haraka, anikute hapa chini nimtie kwenye moto pamoja na wewe!"

Amenitukana hadi majirani wakafungua madirisha wapate kusikia vizuri. Lakini tulipokaa kula zile chache zilizopona, aliniuliza bila kunitazama, "Haya, huyo mjane wako. Alifika chini?"

Ijumaa, 18 Septemba

Uhakiki wangu wa kwanza umetoka. Nanukuu, maana mtu asiyejinukuu hakuna wa kumnukuu: "Mwandishi anaanza kwa kujihami. Kurasa thelathini mpira hauvuki katikati ya uwanja. Halafu mjane anafungua mlango wake, na tangu hapo sikuona uwanja tena, niliona ngazi tu, na mimi nikiwa nimekaa kidato cha katikati nawapisha wote."

Nimekaa kando ya simu tangu asubuhi. Haikulia.

Jumatatu, 21 Septemba

Mvua. Plamu zinaanguka zenyewe. Simu kimya.

Ijumaa, 25 Septemba

Leo nimefanya jaribio. Kwenye uhakiki wa riwaya ya mapenzi niliandika kwamba mwishoni bwana harusi anamwoa mbuzi, na askofu anawabariki. Kwenye ukurasa wa mpira, siku hiyohiyo, niliandika kwamba goli letu lilifungwa kwa mguu wa kushoto, hali kila mtu alijua ni wa kulia.

Simu hazikukatika. Mama wa mfungaji alilia kabisa. "Mwanangu hajautumia mguu wa kushoto hata kushukia kitandani! Nani amekutuma?"

Kuhusu mbuzi, hakuna. Mbuzi wa watu ameolewa kimyakimya, hakuna hata wa kumpigia kigelegele. Wiki ijayo nitasahihisha, maana mwandishi wa riwaya hakunikosea kitu. Najua marekebisho nayo hayatasomwa.

Jumamosi, 3 Oktoba

Leo ilikuwa zamu yetu kwenye mtambo wa rakia, pombe yetu kali ya plamu, kando ya mto. Plamu zimechacha vizuri, mapipa yamepangwa, na watu wanakaa kuzunguka moto wakingoja, kazi ikiwa ni kuonja na kusema uongo. Nilikwenda na kitabu cha wiki hii. Si riwaya. Kimeandikwa na mwanamke mmoja anayefuata mito inayotumbukia mapangoni. Alimwaga rangi ya kijani pale mto unapomezwa na mlima, kisha akazunguka upande wa pili wa mlima akakaa na chupa zake kwenye kila chemchemi, kuangalia rangi itatokea wapi.

Nilisoma kwa sauti ili kuwachokoza tu. Lakini nilipofika pale anaposema kwamba chini ya mlima mmoja kuna maji mengi yanayotembea gizani kuliko yote yanayoonekana juu, na kwamba hayajawahi kuonwa na jicho la kiumbe, sauti yangu ilibadilika, nami si mtu wa kubadilika sauti. Nilinyanyua macho. Hakuna aliyekuwa anaonja. Mzee Tsonyo, mchapaji wetu, ambaye mashine yake hutoa gazeti pamoja na tangazo la kila anayekufa bonde hili, alikuwa amelala kifudifudi, sikio chini.

"Unasikia nini, Mzee?"

"Nyamaza, Minko. Kama yapo, yatapita."

Watu wazima wenye masharubu wakalala chini mmoja mmoja. Msimamizi wa moto naye akalala, na moto ukajiendea wenyewe, na mkupuo wa kwanza wa rakia ukaungua na kunuka kama kiatu. Hakuna aliyekasirika. Ndipo nilipojua kwamba hapa pametokea jambo.

"Basi rangi ilitokea wapi?" wakaniuliza.

"Someni gazetini Ijumaa."

Ijumaa, 9 Oktoba

Wamekuja ofisini, mmojammoja, na kofia mkononi. "Minko, ile rangi ilitokea wapi?"

"Imeandikwa gazetini, jamani!"

"Aa, gazetini. Niambie tu wewe."

Jumanne, 13 Oktoba

Bibi Nevena Tsacheva alinikuta dukani kwa Dafina. Ndiye aliyekuwa mwenye duka la dawa kabla hajastaafu. Mji mzima umepona kikohozi mkononi mwake. Ni mfupi, kaunta ilikuwa ikimfika kidevuni. Marehemu mumewe Raycho, fundi wa nyaya za simu, alikuwa mrefu hata watu wakisema hahitaji ngazi. Bibi alitoa kwenye mkoba kitabu chembamba, chembamba kama wembe, akakisukuma kwangu chini ya mkate.

"Nimekichapisha mwenyewe, mwanangu. Mashairi. Kikiwa kibaya, usiandike neno. Kimya nimekizoea."

"Na kikiwa kizuri, Bibi?"

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Akaondoka bila mkate wake. Nilimkimbilia nao.

Jumatano, 14 Oktoba

Sijakifungua. Mashairi huwa yananitazama kwa dharau.

Jumanne, 20 Oktoba

Leo ni nusu mwaka tangu Bi Evdokia atutoke. Karatasi mpya ya kumkumbuka imebandikwa kwenye nguzo mbele ya duka la mikate, kama desturi: fremu nyeusi, picha, jina, maneno machache ya majonzi. Nilisimama na mkate wangu wa jibini nikatazama.

Kila aliyepita alisimama. Kila mmoja! Mwenye haraka, mwenye mizigo, polisi, mlevi. Walisoma mpaka mstari wa mwisho, midomo ikicheza, wakasema "Mungu amrehemu," wakaenda zao. Watu wale wale ambao hawakusoma hata ukurasa wake mmoja alipokuwa hai sasa wanamsoma mpaka jina la mtambo wa uchapaji pale chini.

Sijawahi kumwambia mtu hili. Wakati wa malori nilikwama mpakani siku nzima, nina jibini tu, na jibini lilikuwa limefungwa kwa ukurasa wa Evdokia. Nilikula jibini, nikausoma ukurasa. Ulikuwa uhakiki wa kitabu ambacho sijakiona mpaka leo. Nikausoma tena. Foleni ilisogea, wenye malori nyuma wakapiga honi, mimi nimekaa na karatasi yenye mafuta nikifikiri: huyu mama amekaa kule kwetu Slivek, na amenitia njaa ya kitu ambacho sikujua kwamba kinaliwa.

Nimepata wazo. Nikiwa na wazo huwa najiogopa mwenyewe. Slivek haisomi gazeti. Slivek inasoma nguzo.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimesoma mashairi ya Bibi Nevena.

Nilikaa nikiwa nimejiandaa kucheka. Nilidhani mashairi ni kama pete: mazuri kuangalia, hayashibishi. Kurasa mbili za mwanzo nilicheka kweli, kwa sababu kuna shairi la mteja anayeomba dawa ya mke wake huku mke mwenyewe amesimama nyuma yake anatikisa kichwa. Kisha nikafungua hili:

*Kofia yako bado iko msumarini.*
*Nikipita mlangoni nainama kidogo*
*kama ulivyokuwa ukiinama wewe,*
*ingawa kwangu mlango huu ni mrefu.*

Limeishia hapo. Nilifungua ukurasa wa pili nione limeendelea wapi. Halijaendelea popote. Nikarudi nyuma. Nikalisoma nimesimama. Halafu nikaenda kwenye mlango wangu mwenyewe nikapita nikiwa nimeinama, na mimi si mrefu, ingawa Lisbon nilikuwa naonekana mrefu. Nilipoinuka upande wa pili nilikuwa ukumbini mwangu, penye makoti na viatu vyangu vyenye matope, lakini palikuwa kama pamefagiliwa na mtu aliyetoka sasa hivi.

Nimeuona mlima wa theluji alfajiri kutoka kwenye lori. Nimeiona bahari ile kubwa ya Ureno. Hakuna kilichoniinamisha. Mistari minne! Na yule mama amenipimia dawa ya minyoo utoto wangu wote, nami nilimwona ni mtu wa kaunta tu.

Alhamisi, 5 Novemba

Uhakiki umekwisha. Ndio bora niliowahi kuandika, na sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli. Unaanza hivi: "Tuliishi naye na hatukumjua. Alitupimia dawa, tukamlipa, tukaondoka." Katikati nimeliweka shairi la kofia lote.

Nilimpelekea Mzee Tsonyo pamoja na picha ya Bibi, nikamwambia, "Mbali na gazeti, nitolee karatasi kubwa za kubandika kwenye nguzo. Jina juu, picha, maneno yangu chini. Na fremu nzuri."

"Fremu ninayo moja," alisema. "Ndiyo hiyo ya siku zote. Msalaba nitautoa."

"Utoe msalaba, bila shaka."

Tulizitazama zikitoka mashineni, bado zina joto. Nzuri mno! Kesho asubuhi nabandika. Bibi mwenyewe yuko Ruse kwa dada yake. Akirudi atakuta mji mzima unamjua.

Jumamosi, 7 Novemba

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Leo ni Jumamosi ya kuwakumbuka wafu. Tangu mapema watu wanapanda makaburini na mishumaa na ngano ya kuchemsha inayoliwa kwa ajili ya marehemu. Mimi, ambaye nimeishi hapa tangu nizaliwe, nilisahau. Nilipoingia dukani kwa Dafina nilimkuta analia juu ya unga.

"Minko, una moyo gani? Bibi Nevena anakufa, unashindwa kuniambia mimi dada yako?"

"Nani kasema amekufa?"

"Si wewe! Umeandika mwenyewe, ukabandika mlangoni kwangu!"

Nikatoka nje. Nikaitazama nguzo kwa macho ya mtu anayepita. Picha. Jina kubwa. Fremu nyeusi. "Tuliishi naye na hatukumjua." Mama yangu wee.

Niliupanda mlima mbio kwenda kwa Bibi, mpaka pumzi ikabaki nyuma. Nilichelewa. Uani kwa Bibi Nevena pamejaa watu waliotoka makaburini moja kwa moja, na maua mkononi, mawili mawili, manne manne, kama anavyopewa maiti, maana aliye hai hupewa yasiyo jozi. Jirani yake Kina, mama mfupi kuliko hata Bibi mwenyewe, alikuwa na ufunguo, na amefungua nyumba ili watu wawashe mishumaa.

Nilikuwa nimefungua mdomo nipige kelele. Ndipo nikaona.

Walikuwa wanainama. Kila aliyeuingia mlango ule aliinama kidogo, hivi, kama mtu mrefu. Polisi aliinama. Mama wa mfungaji wetu wa goli aliinama. Mzee Tsonyo, aliyezichapa karatasi mwenyewe na bado akauamini msiba wa mji, ambaye akivaa kofia bado anapita chini ya meza, aliinama taratibu na kofia kifuani. Hakuna aliyewaambia. Walisimama kwenye nguzo kwa heshima ya marehemu, wakasoma mpaka mstari wa mwisho kama wanavyosoma siku zote, na mistari ile minne ikaingia ndani yao ikatoka magotini. Nilifunga mdomo. Sijapata kuona kitu kama kile, na sitakiona Lisbon wala mbinguni.

Lango likalia. Bibi Nevena ameingia, ametoka kwenye basi la Ruse, begi mkono mmoja, chupa ya jamu mkono wa pili.

Mtu mmoja alipiga ishara ya msalaba. Mzee Tsonyo, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka, alisema kwa sauti ndogo, "Bibi Nevena... za safari?"

"Nzuri, Tsonyo. Nani amekufa?"

Dafina, aliyenifuata mbio akiwa na aproni yenye unga, ndiye aliyesema, "Wewe, Bibi."

Bibi aliyatazama maua. Aliyatazama yote, jozi kwa jozi. Kisha akanitafuta mimi, akanipata nyuma ya mti wa plamu.

"Minko."

"Naam, Bibi."

"Nimekufa kwa nini?"

"Kwa fremu, Bibi. Na kwa upumbavu wangu."

Sijui angenifanya nini. Alikuwa amekwisha kuishika ile chupa ya jamu kwa namna ya kuirusha. Lakini wakati huo Kina alikuwa ndani na mishumaa, hajasikia lolote, akatoka, na alipofika mlangoni, mfupi vile, akainama.

Bibi akaganda. "Kina, mbona unainama? Mlango wangu umekukosea nini?"

Kina aliinua macho, akamwona, akashika kifua. Lakini ni mama jasiri yule, alijibu alichoulizwa. "Si kwa ajili ya Raycho? Si umesema mwenyewe?" Akaanza, kwa sauti ya kanisani, "*Kofia yako bado iko msumarini...*" na mtu mwingine nyuma akashika mstari wa pili, na polisi wa tatu, na wa nne ukasemwa na ua mzima, chini chini, kama maji yale yanayotembea gizani.

Bibi Nevena aliketi kwenye ngazi. Begi likaanguka, yeye hakuliokota. Kisha akauliza, "Ngano mmeleta?"

"Tumeleta, Bibi."

"Basi ileteni. Si kila siku mtu hupata kula ngano yake mwenyewe."

Alikula, na watu wakala, na kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka makaburini. Alipomaliza alipita kwenye kila shada, akachomoa ua moja moja, ili yaliyobaki yawe kama anavyopewa mtu hai. Yale aliyochomoa aliyafunga pamoja akayapanga jozi jozi. "Haya ni ya Raycho," alisema. "Minko, wewe utayabeba. Na kazi ya kubeba haijaisha leo."

Jumatatu, 9 Novemba

Stamen alikuwa mwekundu kama pilipili za Dafina kabla sijaziunguza. "Gazeti langu limeua mtu! Simu hazikatiki tangu Jumamosi! Dada yake yuko Ruse amezimia!"

"Bosi, si ulitaka simu? Zimepigwa."

"Simu za mazishi si simu za vitabu! Hakuna aliyesoma ukurasa, Minko. Wamesoma msiba. Sitangoja tena Nikola. Ijumaa hii yanaingia matairi."

Nilitaka kumwambia juu ya mlango. Mimi, niliyewachekesha walinzi wa mipaka, nilichukua kofia yangu nikatoka.

Ijumaa, 13 Novemba

Matairi.

Ijumaa, 20 Novemba

Matairi, ya theluji. Nimeandika uhakiki wa hadithi fupi hata hivyo, nikauweka kwenye droo. Dafina anasema asubuhi watu walisimama kwenye nguzo wakangoja. Mmoja aliingia kumuuliza, "Leo amekufa... samahani, leo ameandika nani?"

Jumatatu, 23 Novemba

Theluji ya kwanza. Bibi Nevena amenipa jamu. "Unakonda," alisema. "Huo si ugonjwa niliowahi kuuzia dawa."

Ijumaa, 4 Desemba

Sikujua lolote. Naapa kwa lori langu.

Nilifika ofisini nikakuta theluji mbele ya mlango imekanyagwa yote, na mji mzima umesimama. Mlangoni imebandikwa karatasi ya Mzee Tsonyo, fremu nyeusi, na safari hii msalaba haukutolewa. Pahali pa picha kuna picha ya gazeti lililokunjuliwa. Chini yake: "Kwa majonzi twawatangazia kifo cha ghafla cha mpendwa wetu, UKURASA WA VITABU, aliyekuwa akitujia kila Ijumaa. Hatukumjua alipokuwa hai. Tumemjua sasa. Wenye msiba: Slivek."

Watu walipanga maua kwenye ngazi, mawili mawili. Dafina aligawa ngano kwa kijiko. Kila aliyepita alisoma mpaka mwisho, akasema, "Mungu amrehemu, alikuwa ukurasa mwema."

"Mimi bado sijaambiwa ile rangi ilitokea wapi," mmoja wa watu wa mtambo wa rakia alilalamika. "Amekufa na siri yake."

"Ilitokea kwenye chemchemi ya kijiji alikozaliwa yule mama mwenye kitabu," mwenzake akamjibu. "Ukurasa ule ninao, nimefungia samaki."

Stamen alitoka bila koti. Alitazama karatasi, akatazama maua, akatazama umati wote. Bibi Nevena alipanda ngazi akampa maua mawili mekundu, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, Stamen. Marehemu alikuwa wa kwenu."

"Bibi, tafadhali, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Nifanyeje, mwanangu? Mimi nimekwisha kufa mara moja, najua inavyokuwa. Wanakuja kusema mazuri umekwisha kwenda zako. Mimi nilirudi na basi. Huyu atarudi na nini?"

Stamen aliyashika maua yake mawili kama mtu aliyepewa kitoto asichokijua. Theluji ilikuwa inamwangukia kwenye upara. Nilimhurumia, kwa kweli. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo watu wa mbele walilazimika kuwapasia wa nyuma, "Matairi yahamie kwenye mpira. Vyote ni vya duara."

Bibi alinyoosha mkono akachomoa ua moja, akamwachia moja.

Ukurasa wangu wa mpira umepungua nusu. Sijali! Nimeinama kuingia ofisini, na nyuma yangu nikamsikia Stamen naye, nadhani kwa bahati mbaya tu, akiinama.

Jumapili, 6 Desemba, Mtakatifu Nikola

Dafina alioka samaki mkubwa wa sikukuu kwa njugu za walnati. Walikuja Bibi Nevena, Mzee Tsonyo na Stamen na mkewe. Tulikula, tukanywa rakia ya mkupuo wa pili, ile ambayo haikuungua. Bibi alinigeukia na kuniuliza, "Hivi, Minko, ukurasa huu ulikufikiaje? Mtu wa mpira."

"Aaa, Bibi, bahati tu!" nikaanza, na mikono juu. "Stamen alichukua kofia, akatia njiti..." Nikasimulia yote, jinsi wenzangu walivyotetemeka, jinsi nilivyokuwa natazama dirishani. Meza ilicheka. Stamen alikuwa na samaki mdomoni. Alinitazama, akatafuna taratibu sana, akameza, akasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Akanimiminia rakia mpaka ukingoni.

Nimerudi nyumbani nikasoma nilichoandika hapa tarehe tisa Septemba. Ni uongo. Hapakuwa na kofia wala njiti, na wenzangu hawakuitwa. Kura sijashinda hata moja maishani mwangu. Nilimwomba Stamen ule ukurasa, akanikataa, nikamwomba tena mpaka akachoka.